Viwanja vya Gofu vya Mombasa, kwa Msafiri Atokaye Sultan Hamud

Mji wa Sultan Hamud, uliokaa kando ya reli na ya barabara kuu iendayo Mombasa, na uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902, hauna uwanja wa gofu, wala si ajabu kuukosa. Kwani mchezo huu hutaka majani mabichi mwaka mzima, na majani hutaka maji, na maji katika nchi ya Makueni mtu huyafikiria kwanza kwa kunywa, kwa mifugo na kwa miembe na michungwa yake, kabla hajayafikiria kwa mchezo. Aliye na shauku aweza kwenda Machakos, ambako pana uwanja mdogo wa mashimo tisa, au akapanda hadi Nairobi, yenye viwanja vingi na maarufu. Walakini mimi nitamwelekeza upande wa pili, kusini, aabiri treni katika mji jirani wa Emali ashukie Miritini, kituo cha Mombasa, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba asiyecheza gofu kando ya bahari ya Mombasa hajaujua mchezo huu kwa ukamilifu wake.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuushuhudia, kanuni yenyewe ni nyepesi kueleza, ingawa ni nzito kutenda. Mchezaji hupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, na fimbo hizo aruhusiwa kuchukua zisizozidi 14, kila moja kwa kazi yake, kuanzia mahali palipowekwa alama hata kwenye kiwanja kidogo cha majani yaliyonyolewa sana, penye kibendera na shimo lenye upana wa milimita 108 tu. Akalimaliza shimo hilo, akaendea la pili, hata yatimie 18. Atakayemaliza kwa mapigo machache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Hakuna mpinzani amzuiaye wala amkabaye: ugomvi wake ni baina yake na ardhi, na mitego ya mchanga, na upepo, na zaidi ya yote na nafsi yake.

Na hapo ndipo pwani inapotofautiana na bara. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi, hata mpira huruka mbali kuliko nguvu ya mpigaji inavyostahili. Bali Mombasa hewa ni nzito, na yule bingwa wa bara aliyezoea kuvuka bonde kwa fimbo fulani hushangaa kuona mpira wake umeanguka kabla ya kufika. Juu ya hayo kuna pepo. Wakati wa kaskazi, tangu Disemba hata Machi, upepo aghalabu huwa wa upole na jua huwa kali; lakini ikiingia kusi, mnamo Aprili, upepo hutoka baharini kwa nguvu, ukausukuma mpira kando kama jahazi lisilo usukani, na mwenye hekima huacha kupiga juu, akapiga chini chini, mpira uende ukitambaa.

Uwanja unaoyaonyesha haya kwa uwazi kuliko yote ni ule mkongwe wa Mombasa Golf Club, ulioasisiwa mwaka 1911, ulioko kisiwani penyewe katika barabara ya Mama Ngina. Una mashimo tisa tu, na atakaye 18 huuzunguka mara mbili. Na wapo wanaoudharau kwa udogo huo, nami siafikiani nao hata kidogo. Sehemu ya uwanja huo imelazwa juu ya genge la mawe ya matumbawe, chini yake mawimbi yakipiga, na mbele yake ndilo lango la Kilindini, ambapo meli kubwa za makontena hupita karibu mno, hata mchezaji hulazimika kungoja macho yake yarudi kwenye mpira. Mibuyu ya kale imesimama humo, na mpira uliogonga shina la mbuyu hurudi ulikotoka. Aliyekosea kidogo upande wa bahari amepoteza mpira na ameongezewa pigo la adhabu. Na anayeiogopa bahari kupita kiasi huelekea upande wa pili, akajikuta katika nyasi ndefu. Mizunguko miwili haifanani kabisa, kwa kuwa upepo wa asubuhi si upepo wa adhuhuri, na shimo lile lile lililokuwa rahisi mara ya kwanza huwa mtihani mara ya pili.

Hapa yafaa kumtaja kedi, yaani yule mbeba fimbo, ambaye wageni wengi humhesabu kuwa hamali, ilhali yeye ndiye mwalimu. Mtazame mpira unapofika kwenye majani ya shimo. Kedi huchuchumaa nyuma ya mpira, akautazama mteremko. Kisha huenda hata kwenye shimo lenyewe akalichunguza ukingoni, upande upi majani yamekauka na upande upi ni mabichi, kwani majani ya nchi za joto hulala upande mmoja, na mpira uendao kinyume cha ulalo wake hukawia, na uendao nao huteleza. Ndipo atakapokuonyesha kwa kidole mahali pa kulenga, na mahali hapo mara nyingi si penye shimo. Mfuate. Ameyaona majani hayo masika na kiangazi, wewe umeyaona leo.

Ukivuka daraja la Nyali utakuta Nyali Golf and Country Club, uwanja wa mashimo 18 ulioko katikati ya makazi ya watu, wenye miti mingi na njia zilizonyooka kuliko za kisiwani. Ni uwanja wa haki, unaomlipa mpigaji kwa kadiri ya usahihi wake, nao wamfaa anayejifunza. Ukivuka Likoni kwa feri, ukashika barabara iendayo kusini hata Diani, upo uwanja wa Leisure Lodge, wa mashimo 18 pia, uliozungukwa na mabaki ya msitu wa pwani. Katika miti ya Diani wanaishi mbega, wale wenye manyoya meusi na meupe, na mtu aliyecheza vibaya ana cha kumliwaza.

Upande wa Kilifi, baada ya Mtwapa, katika nchi iliyojulikana kwa mashamba ya mkonge, ndiko kuliko Vipingo Ridge na uwanja wake uitwao Baobab, yaani mbuyu, ulioinuka juu ya kilima hata bahari yaonekana kwa mbali. Mwaka 1978 Seve Ballesteros wa Hispania alipotwaa Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967, fahari yote ya gofu ya nchi hii ilikuwa Nairobi. Lakini Disemba 2019 mabingwa wa kike wa Ulaya walikuja Vipingo, na Esther Henseleit, binti wa Kijerumani, akashinda hapo, na kwa ushindi huo akaumaliza msimu akiwa wa kwanza kati ya wanawake wote wa mashindano ya Ulaya. Kwa uzuri wa matengenezo sioni uwanja wa pwani unaoushinda. Hata hivyo ni maskani ya wenye uwezo, na mtu wa kipato cha kawaida atafaidi zaidi kwenda kutazama mashindano.

Hukumu yangu, basi, ni hii: mwenye siku moja tu Mombasa na aende kisiwani, kwenye mashimo tisa ya 1911. Apige simu kabla, aulize ada ya mgeni na siku zilizotengewa wanachama. Avae shati lenye kola na viatu visivyochimba majani. Afike alfajiri, kabla ya upepo kuamka. Na achukue kedi.

Lakini lipo jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Zama za ukoloni vilabu vya gofu vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa kazi, begani amebeba mfuko wa mtu mwingine. Ubaguzi huo umekwisha zamani, lakini gharama ya fimbo, ya viatu na ya uanachama bado inafanya kazi ile ile kwa upole zaidi, na mtoto wa shule ya Sultan Hamud au Kibwezi hupita na treni hata Mombasa na kurudi pasipo kujua kwamba mchezo huu ni halali yake pia. Naviomba vilabu vya Mombasa vitenge Jumamosi moja katika kila muhula, viwaalike wanafunzi wa shule zilizo kando ya reli hii, viwape fimbo za kuazima na kedi mmoja kwa kila watoto wanne, na visitoze ada.