Umeitwa Kampala kwa Mahojiano ya Kazi ya Uuguzi

[MUZIKI UNASHUKA]

Leo tunazungumza nawe uliyesomea uuguzi, iwe ni Bukavu, Goma au hapa hapa Uganda, na sasa umeitwa Kampala kwa mahojiano ya kazi yako ya kwanza katika nchi hii.

Huendi kuomba huruma. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta ajira Uganda. Ukiulizwa kama unaruhusiwa kufanya kazi, onyesha kitambulisho chako cha ukimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini kitambulisho hicho peke yake hakikufanyi muuguzi. Ni lazima uandikishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na uwe na leseni ambayo haijaisha muda. Wewe mwenye A2 au A1 ya Kongo, karatasi zako za Kifaransa zitahitaji tafsiri ya Kiingereza. Anza mapema, usingoje kuitwa.

Sasa uko mbele ya meza. Mara nyingi atakuwepo matroni, na huyo ndiye wa kumwogopa kidogo! Hatakuuliza uuguzi ni nini. Atakuambia: "Ni usiku, uko peke yako wodini. Mama amejifungua dakika ishirini zilizopita, damu inamwagika. Utafanya nini?"

Wengi hujibu, "Nitamwita daktari," kisha wananyamaza. Kuita ni sahihi, lakini mikono yako inafanya nini wakati daktari yuko njiani? Sema kwa mpangilio, kana kwamba mama yuko mbele yako: naita msaada huku nikikanda mfuko wa uzazi ukaze, natoa oksitosini kwa mwongozo wa hospitali, naweka dripu, napima presha na mapigo ya moyo, naangalia kama kibofu kimejaa na kama kondo la nyuma limetoka lote, naandika kila kitu pamoja na saa. Matroni anasikiliza ule mpangilio.

Huenda ukapewa hesabu pia. Lita moja ya maji iingie kwa saa nane, na seti yako inatoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480: karibu matone 42 kwa dakika. Jizoeze kwa kalamu, simu iwe mbali.

Na ukiulizwa, "Umempa mgonjwa dawa isiyo yake, je?" usiseme hujawahi kukosea. Jibu hilo linatisha. Sema utamwangalia mgonjwa kwanza, utamwarifu daktari na kiongozi wa zamu papo hapo, kisha utaandika kilichotokea.

Mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza. Jioni, mwombe jirani akuulize maswali, nawe ujibu kwa sauti. Kusoma kimya hakutoshi. Usipolielewa swali, omba lirudiwe.

Je, miaka uliyokaa bila kazi? Ieleze kwa sentensi moja au mbili: vita vilinikimbiza, nikafika kambini mwaka fulani. Kama ulijitolea katika kituo cha afya cha kambi, au ulipita nyumba kwa nyumba na timu ya afya ya kijiji, litaje, maana hiyo ni kazi. Yale uliyoyaona njiani si lazima uyasimulie kwa watu usiowajua.

Ukitoka Nakivale au Kyangwali, fika Kampala siku moja kabla. Foleni ya asubuhi haimngojei mtu. Beba vyeti halisi pamoja na nakala, na utoe nakala tu. Mtu akikudai pesa ili "akusaidie" kupata nafasi, ondoka.

Mwishoni watauliza kama una swali. Uliza mshahara ni kiasi gani, zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi, na nani atakuongoza wiki za kwanza wodini.

[MUZIKI UNAPANDA]