Ukomo wa Kazi Sambamba Katika Kuhifadhi Nakala Rudufu: Unavyolinda Kumbukumbu za Wananchi

Mwananchi anapoomba namba ya kumbukumbu ya malipo, anaposajili kizazi au anapolipia pango la ardhi, taarifa zake huandikwa katika seva za taasisi husika. Usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, taarifa hizo hunakiliwa katika kifaa maalumu cha kuhifadhi nakala rudufu, ili seva ikiharibika, ikiungua au ikivamiwa na wahalifu wa mtandao, kumbukumbu ziweze kurejeshwa. Mafanikio ya shughuli hiyo hutegemea, pamoja na mambo mengine, namba moja ambayo mwananchi haioni: idadi ya kazi za kunakili ambazo kifaa kinaruhusiwa kuzipokea kwa wakati mmoja.

Idadi hiyo ndiyo ukomo wa kazi sambamba. Kazi zinazozidi ukomo hupangwa kwenye foleni hadi nafasi ipatikane. Ukomo ukiwekwa chini mno, foleni huwa ndefu na usiku huisha kabla ya kazi zote kukamilika. Ukiwekwa juu mno, kazi zote huanza mapema lakini kila moja hukokota.

Mfano wa taasisi yenye terabaiti 8 za kunakiliwa kati ya saa 4:00 usiku na saa 12:00 asubuhi unaonesha uzito wa jambo hili. Ili kumaliza ndani ya saa hizo 8, kifaa kinapaswa kupokea takriban megabaiti 278 kwa sekunde. Iwapo kila kazi huleta megabaiti 50 kwa sekunde, ukomo wa kazi 2 utaifanya shughuli ichukue zaidi ya saa 22. Ukomo wa kazi 6 utaimaliza kwa takriban saa 7 na dakika 24.

Hata hivyo, haifuati kwamba kazi 40 zingeimaliza kwa zaidi kidogo ya saa moja. Vifaa vingi vya aina hii hutumia diski zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, ambapo mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8. Kichwa cha kuandikia kinapohudumia kazi chache, huandika mfululizo. Kinapohudumia kazi nyingi, hulazimika kuhama kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine, na kila kuhama hula milisekunde kadhaa ambazo hakuna kinachoandikwa. Mshika mbili moja humponyoka: kasi ya jumla hushuka, baadhi ya kazi hupitisha muda uliowekwa na kukatika, na asubuhi huwakuta wataalamu wakizianza upya. Kwa kuwa kunakili huzielemea pia seva zinazotoa huduma, wananchi waliofika dirishani mapema huambiwa kuwa mfumo uko taratibu.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba kuandika nakala mpya si kazi pekee ya kifaa hicho. Kifaa husoma nakala zinaporejeshwa, hutuma nakala nyingine katika kituo cha mbali, hukagua uzima wa nakala za zamani na kufuta zilizopitwa na wakati. Iwapo nafasi zote zimechukuliwa na kazi za kuandika, ombi la dharura la kurejesha hifadhidata iliyoharibika litasubiri kwenye foleni, wakati huduma kwa wananchi imesimama. Kwa sababu hiyo, ukomo hupangwa kwa kuacha nafasi ya urejeshaji tangu mwanzo.

Utaratibu unaofaa huanza na upimaji. Mtaalamu huanza na ukomo mdogo, kwa mfano kazi 4, na kuandika kasi ya jumla kwa usiku kadhaa. Kisha huongeza kazi 2 kwa kila hatua. Kasi ya jumla inapoacha kupanda, kifaa kimefika uwezo wake, na ukomo hurudishwa hatua moja nyuma. Ni muhimu pia kufahamu namna programu inavyohesabu kazi: katika baadhi ya programu, kila diski ya seva ni kazi moja, hivyo seva 5 zenye diski 3 kila moja ni kazi 15. Aidha, muda wa kuanza kazi hutawanywa badala ya zote kuanza saa 4:00 kamili, na hifadhidata zenye kumbukumbu nyeti hutangulizwa.

Athari za kukosa nakala zimeshuhudiwa. Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini kilichopo Daejeon na kusababisha mifumo zaidi ya 600 kusimama. Hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea bila kuwa na nakala nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukubwa wake. Kwa kasi ya terabaiti 1 kwa saa, kama ya mfano uliotangulia, kunakili hifadhi ya ukubwa huo kungechukua karibu siku 36 mfululizo. Ndiyo maana uwezo wa kifaa hupimwa mapema, data ikiwa bado inaongezeka, na ukomo hupitiwa upya kila mfumo mpya unapoongezwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kuchukua hatua za kiusalama ili taarifa hizo zisipotee wala kuharibiwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, hutoa viwango na miongozo ya TEHAMA kwa taasisi za umma. Kwa mtaalamu wa zamu, wajibu huo hutimizwa kwa hatua mbili: kusoma ripoti ya usiku kila asubuhi ili kubaini kazi zilizobaki kwenye foleni, na kurejesha baadhi ya kumbukumbu kwa majaribio, kila baada ya muda uliopangwa, hadi ithibitike kuwa zinafunguka na zimekamilika.