Chupa ya Habasoda Ipimwe

Apitaye Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, hakosi kuziona chupa ndogo za mafuta ya habasoda, zimepangwa kando ya asali, ubani na mafuta ya nazi. Wengi wazinunuao si matajiri. Ni hamali wa bandarini Malindi ambaye mgongo umekwisha kumkatalia. Ni mama wa shamba ambaye magoti yamemzuia kuinama mpungani. Ni seremala ambaye vidole vyamwuma kila asubuhi. Mtu huyo hutoa sehemu ya ujira wake, akanunua chupa, akajisugua usiku, na pengine akanywa kijiko kimoja au viwili kwa kuwa jirani yake alifanya hivyo akapata nafuu.

Sisi hatumcheki. Wako wasomi ambao wakisikia habari ya dawa za asili hubetua midomo. Lakini kubetua midomo si kupima, kama vile kusifu nako si kupima. Twajua pia kwamba Waislamu wa visiwa hivi wanazo sababu za dini za kuiheshimu mbegu hiyo, na katika hilo hatuna la kuingilia. Maneno yetu leo ni juu ya chupa: ndani yake mna nini, mafuta yake yatuliza maumivu kweli au la, na ayanywaye ana salama gani.

Habasoda ni mbegu ya nchi kama India, Misri na Uhabeshi, nayo hutufikia kwa biashara. Zaidi ya robo ya uzito wake ni mafuta mazito, jamaa ya yale ya ufuta na alizeti. Pamoja nayo mna kiasi kidogo sana cha mafuta mepesi, yenye harufu kali, yarukayo upesi hewani. Na humo ndimo wataalamu walimogundua kitu kiitwacho thaimokwinoni. Kiasi cha kitu hicho hubadilika mno kwa kufuata shamba ilikotoka mbegu, namna ilivyokamuliwa, na jinsi mafuta yalivyohifadhiwa. Kwa hiyo chupa mbili zenye jina moja zaweza kuwa dawa mbili mbalimbali. Wala hatujasema neno juu ya mwuzaji anayeweza kuyachanganya na mafuta ya bei rahisi.

Je, yatuliza maumivu? Mwaka 2000 wataalamu waliofanya kazi Japani walitangaza majaribio waliyowafanyia panya. Katika jaribio moja panya huwekwa juu ya bamba la moto wa kadiri, na mtu hutazama saa aone zitapita sekunde ngapi kabla panya hajaanza kulamba miguu yake. Kundi moja hupewa mafuta ya habasoda, na kundi la pili hupewa kitu kisicho na dawa, kusudi ijulikane kwamba tofauti imetokana na dawa wala si na bahati. Panya waliokunywa mafuta walistahimili zaidi, na kadiri kipimo kilivyoongezwa ndivyo walivyozidi kustahimili. Kisha wataalamu wakatumia naloksoni, dawa izuiayo nguvu za mofini, na nguvu za thaimokwinoni zikazuilika nazo. Maana yake ni kwamba kitu hicho, kwa sehemu yake, hupitia njia zile zile za mwili zipitiwazo na mofini. Haya si mambo madogo, na wale wabetuao midomo yafaa wayasome.

Lakini panya si hamali. Kwa upande wa binadamu, mwaka 2016 huko Uajemi walitangaza habari za wazee 40 wenye maumivu ya magoti. Kwa wiki 3 walipakwa mafuta ya habasoda gotini mara 3 kwa siku, na kwa muda mwingine wakapewa vidonge vya parasetamoli. Dawa zote mbili ziliwapunguzia maumivu, na mafuta yakaonekana kushinda. Twafurahi kusikia, ila twauliza: aliyesuguliwa goti hakujua kwamba amesuguliwa? Mkono wenyewe unaosugua huleta raha, hata ukiwa na mafuta ya nazi matupu. Jaribio lisiloondoa shaka hiyo halijamaliza kazi yake.

Tukija katika habari ya usalama, wataalamu wa Moroko waliandika mwaka 2002 kwamba mafuta hayo yakinywewa, kiasi kilichoua nusu ya panya kilikuwa mililita 28.8 kwa kila kilo ya uzito wao. Ni kiasi kikubwa sana, ingawa hesabu ya panya haihamishwi kwa mtu hivi hivi. Wengine walinyweshwa mililita 2 kwa kilo kila siku kwa wiki 12, na maini, figo na mioyo yao haikuonekana kuharibika. Hata hivyo sukari ya damu yao ilishuka, na zile chembe zigandishazo damu zikapungua. Basi mzee anayetumia dawa za kisukari, au dawa za kuzuia damu isigande, akijiongezea vijiko vya habasoda bila ya kumwambia daktari wake, anacheza na hatari. Tena wako watu waliopakwa mafuta haya ngozi ikawavimba na kuwawasha, na madaktari wameyaandika hayo.

Asiyeamini kwamba mafuta ya mbegu yaweza kudhuru na atazame mwarobaini, mti tunaoupanda penye nyua zetu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto wachanga walivyonyweshwa mafuta ya mbegu zake kama dawa ya kienyeji, wakashikwa na degedege na kupoteza fahamu, ini na ubongo vikidhurika. Wazee wao hawakukusudia ubaya.

Twaomba nini basi? Kazi ya kwanza haihitaji panya wala mgonjwa. Zinunuliwe chupa za Darajani na za maduka ya shamba, zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar, ijulikane ipi ni habasoda na ipi ni mchanganyiko, na thaimokwinoni iliyomo ni kiasi gani. Wakala wa Chakula na Dawa udai kwamba kila chupa iandikwe kipimo, tarehe ya kukamuliwa, na onyo kwa wajawazito na wanaotumia dawa nyingine.

Kazi ya pili ni ya hospitali, na wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, waweza kusaidia. Mahamali na wakulima watakaojitolea wagawanywe makundi mawili, wote wasuguliwe, lakini kundi moja tu kwa habasoda ya kweli. Harufu yake haifichiki, kwa hiyo mafuta ya kundi la pili hapana budi yatafutiwe harufu ya kufanana nayo. Na majibu, yawe mazuri au mabaya, yabandikwe Darajani pale pale ziuzwapo chupa, kwa Kiswahili.