Tovuti zavamiwa bila neno la siri kuvunjwa: dosari za plagini za WordPress

Mwezi wa 4 mwaka wa 2024, wasimamizi wa tovuti katika nchi mbalimbali walianza kukuta jina wasilolijua kwenye orodha ya watu wenye mamlaka juu ya tovuti zao. Mara lilikuwa wpsupp-user, mara wp-configuser. Hakuna mfanyakazi aliyekuwa ameliandikisha. Aliyelifungulia mlango ni msimamizi mwenyewe, bila kujua, kwa kuingia tu kazini kama siku nyingine zote.

Tovuti hizo zilikuwa na plagini moja kwa pamoja: LiteSpeed Cache, inayofanya kurasa zifunguke haraka. Ilikuwa imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 4. Sababu ya kupendwa kwake inaeleweka: ni ya bure, na mahali ambapo intaneti inakwenda polepole, ukurasa usiofunguka haraka hausomwi.

WordPress, mfumo unaotumiwa na zaidi ya tovuti 4 kati ya 10 duniani, huwa mtupu kama nyumba mpya. Mwenye tovuti ndiye anayeongeza plagini anazohitaji: moja ya picha, moja ya kupokea maoni ya wasomaji, nyingine ya matangazo. Kila plagini imeandikwa na watu tofauti. Nyingine ni kazi ya kampuni kubwa, nyingine ni ya mtu mmoja anayeishughulikia usiku baada ya kazi yake. Lakini zote zikishaingia zinakaa chini ya paa moja, na kosa la moja linaangukia nyumba nzima.

Kosa la LiteSpeed Cache ni la aina ambayo wataalamu huiita XSS. Plagini ilikuwa na sehemu ya kupokea ujumbe kutoka nje na kumwonyesha msimamizi. Haikuuliza nani anayeutuma, wala haikusafisha kilichotumwa. Mvamizi asiye na akaunti aliweza kutuma ombi moja tu, na ndani yake, badala ya ujumbe, akaweka skripti, yaani amri za ordinateri. Amri hizo zikakaa kimya kwenye hifadhi ya tovuti, zikisubiri.

Msimamizi alipofungua ukurasa wake wa kazi, kivinjari chake, iwe Chrome au Firefox, kilizisoma na kuzitekeleza. Hakikuwa na sababu ya kuzishuku: zilitoka kwenye tovuti anayoisimamia yeye mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuingia, zilifanya kazi kwa mamlaka yake yote. Amri ikasema: unda msimamizi mwingine. Akaundwa.

Ndiyo maana neno la siri refu na gumu halikumwokoa mtu. Hakuna aliyelivunja.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. Dosari iligunduliwa na kampuni ya usalama Patchstack, na toleo lililorekebishwa, 5.7.0.1, lilitoka mwezi wa 10 mwaka wa 2023. Maelezo yake yalitangazwa hadharani mwezi wa 2 mwaka wa 2024. Wimbi la mashambulizi lililoonwa na kampuni ya WPScan likaja mwezi wa 4. Walioumia walikuwa na karibu miezi 6 ya kubonyeza mahali pamoja tu.

Si kila mara muda unakuwa mrefu hivyo. Dosari ya aina hiyo hiyo katika plagini ya Popup Builder, iliyowekwa kwenye tovuti zaidi ya 200,000, ilitangazwa tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka wa 2023. Tarehe 13, siku 2 tu baadaye, wavamizi wa kampeni inayojulikana kama Balada Injector walikuwa wameanza kazi. Waliolengwa ni wale waliokuwa bado hawajaweka toleo la 4.2.3, na wasomaji wa tovuti hizo walijikuta wakipelekwa kwenye kurasa za udanganyifu.

Kwa gazeti la mtandaoni la Goma au Bukavu, kupoteza tovuti kwa njia hii ni zaidi ya hasara ya kiufundi. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kuandika habari yoyote chini ya jina la gazeti, na siku za vita habari moja ya uongo inatosha kuwahamisha watu majumbani mwao. Shirika lenye fomu ya kuandikisha wahitaji lina hatari nyingine: majina na namba za simu za watu hao. Sheria ya mambo ya dijitali ya Congo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa. Inalinda pia habari binafsi za raiya. Lakini mvamizi aliye nchi nyingine, nani atamfuata?

Kinachobaki mikononi mwa mwenye tovuti ni toleo jipya. Tangu WordPress 5.5, ya mwezi wa 8 mwaka wa 2020, plagini zinaweza kujisasisha zenyewe, lakini lazima mtu awashe chaguo hilo. Anayehofia kumaliza mega zake atulie: faili la plagini linapakuliwa na seva, si na simu yake. Na plagini isiyotumika ifutwe kabisa, maana hata ikizimwa mafaili yake yanabaki pale.

Kwa aliyekwisha kuvamiwa kupitia LiteSpeed Cache, kufuta jina la wpsupp-user peke yake hakutoshi. WPScan ilishauri kukagua hifadhi ya data, hasa mahali panapoitwa litespeed.admin_display.messages, ambako skripti huwa bado imelala ikingoja msimamizi aingie tena.