Joseph Olita: Mwigizaji aliyemezwa na jina la Idi Amin

UKITOKA Maseno kwa barabara kuu iendayo Busia, unafika Luanda kabla hujakaa vizuri kwenye matatu. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Siaya. Upande huo ndiko nyumbani kwa mtu ambaye uso wake umetazamwa katika nchi nyingi za dunia, ilhali jina lake halitambuliwi hata na wengi wanaopita hapo kila asubuhi.

Mtu huyo ni Joseph Olita, mwigizaji wa filamu aliyeaga dunia mwanzoni mwa Juni 2014. Habari za kifo chake zilipotangazwa, jina lake halikutosha. Ilibidi msomaji akumbushwe kwanza kwamba ndiye yule aliyeigiza kama Idi Amin, ndipo watu wakashika vichwa na kusema, "Kumbe ni yeye!" Hata kichwa cha makala haya kimeshindwa kuukwepa mtego huo.

Filamu iliyomletea sifa hiyo, Rise and Fall of Idi Amin, ilitoka mwaka 1981 chini ya mwelekezi Sharad Patel. Ilipigwa humu nchini Kenya muda mfupi baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuuteka mji wa Kampala mnamo Aprili 1979. Vidonda vilikuwa vingali vibichi. Amin mwenyewe alikuwa hai uhamishoni, na angeendelea kuishi hadi Agosti 2003 alipofia Jeddah, Saudi Arabia. Olita basi hakuwa akiigiza mtu wa vitabu vya historia. Alikuwa akimwigiza jirani ambaye sauti yake ilikuwa ingali masikioni mwa watu, na ambaye angeweza, akitaka, kukaa mbele ya runinga na kujitazama.

Neno jirani hapa lina uzito wake. Mnamo Februari 1976, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Hakulizua dai hilo lote kutoka hewani. Hadi mwaka 1902, Waingereza waliyahesabu maeneo haya kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda. Kisumu, Maseno na Siaya zote zilikuwa ndani ya mpaka huo wa kale. Mwana wa Siaya alipoivaa sare ile yenye nishani kifua kizima, alikuwa akimwigiza mtu aliyetaka kuichukua ardhi ya babu zake.

Kuna wanaosema kwamba Olita hakuwa na kazi kubwa, kwamba alifanana tu na Amin kwa umbo na sura na hayo yakatosha. Nadhani hao hawajaitazama filamu kwa makini. Ni kweli alijaliwa kimo na kifua. Lakini Amin halisi hakuwa mtu wa kununa tu. Alikuwa mcheshi, mpenda ngoma na michezo, na waliomjua walieleza kwamba kicheko chake ndicho kilichotisha, maana hukujua kingekatikia wapi. Hicho ndicho Olita alichokinasa. Anacheka, halafu macho yanaacha kucheka kabla ya mdomo. Kufanana kwa sura hakumpi mtu uwezo huo.

Filamu yenyewe, tuseme ukweli, si ya kusifiwa kila upande. Inapenda damu kupita kiasi, na ile sehemu ya vichwa vya watu ndani ya jokofu imewaudhi wengi wanaoona kwamba maovu ya Amin yalikuwa mengi ya kutosha bila kuongezwa chumvi. Hata hivyo ina jambo moja la ajabu. Denis Hills, mwandishi Mwingereza aliyehukumiwa kifo na serikali ya Amin mwaka 1975 kwa sababu ya maandishi yake, na ambaye aliachiliwa baada ya James Callaghan, waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, kusafiri hadi Kampala, anaonekana humo akijiigiza mwenyewe. Fikiria hali ilivyokuwa siku hizo za kurekodi: mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa na Amin, anasimama tena mbele ya Amin, na Amin huyo ni Joseph Olita.

Wapo wengine walioivaa sare hiyo. Mwaka 1976, mwigizaji Mmarekani Godfrey Cambridge alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini, akijiandaa kuwa Amin katika filamu kuhusu uvamizi wa Entebbe. Amin alisikia na kusema kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya Mungu. Nafasi hiyo ikachukuliwa na Julius Harris. Yaphet Kotto, aliyefariki mwaka 2021, alimwigiza katika filamu nyingine ya Entebbe iliyotoka 1977. Kisha akaja Forest Whitaker na The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa Uganda kwenyewe, na mapema mwaka 2007 akatuzwa Oscar. Sisemi kwamba Whitaker hakustahili. Ila ni vyema ikumbukwe kuwa robo karne kabla yake, njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa Siaya ambaye hakupata jina kama lake.

Kwa nini hakulipata? Sehemu ya jibu iko katika sheria, na ni jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mwanamuziki ambaye wimbo wake unachezwa redioni ana njia, hata kama ina visiki, ya kudai mirabaha. Mwigizaji wa filamu kwa miaka mingi hakuwa na njia hiyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ambao ulikuwa msingi wa haki za wasanii duniani, ulisema kwamba mwigizaji akishakubali kurekodiwa katika picha za video au sinema, kinga aliyopewa na mkataba huo kuhusu kazi hiyo inakoma. Alilipwa kwa siku zake za kazi, akaenda zake. Filamu ilipouzwa na kunakiliwa, ikachezwa katika vibanda vya video kutoka Kisumu hadi Kinshasa, pesa zilikwenda kwa mwenye filamu au kwa mwenye kibanda.

Pengo hilo lilianza kuzibwa kimataifa kwa Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, unaohusu waigizaji wa sinema na runinga, nao ulianza kutumika Aprili 2020. Kufikia hapo, Olita alikuwa ameshazikwa kwa karibu miaka sita.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwetu watazamaji. Tunapenda kumzika mwigizaji ndani ya uhusika wake angali hai. Mfano ulio dhahiri zaidi ni Benson Wanjau, aliyefariki Julai 12, 2015. Ni Wakenya wangapi walimjua kwa jina hilo? Taja Mzee Ojwang' wa Vitimbi, na hata mtoto atatabasamu. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa lafudhi, kofia na mwendo aliwashawishi watazamaji wengi kwamba ni mzee wa Kijaluo kutoka huku ziwani. Wapo walioamini pia kwamba yeye na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, walikuwa mume na mke nyumbani kama walivyokuwa kwenye runinga. Sifa hiyo yote haikumkinga na dhiki. Macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi wananchi wachangishwe ili atibiwe.

Tazama mizani hiyo: Mkikuyu aliyegeuzwa Mjaluo na watazamaji wake, na mtu wa Siaya aliyegeuzwa Amin. Katikati yao namweka Sidede Onyulo, ambaye pia ametangulia mbele ya haki. Onyulo ndiye aliyekuwa Owuor, mpishi Mjaluo katika filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika ya mwaka 2001, ambayo mwelekezi wake ni Caroline Link. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003, na asiyemkumbuka Owuor baada ya kuitazama ni nadra. Jina Onyulo ndilo linalopotea.

Olita aliitwa tena mara moja kuvaa sare ile. Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991, akisimulia habari za familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, alihitaji Amin. Angeweza kutafuta mwingine. Alimchukua yule yule. Olita anaonekana kwa muda mfupi tu, katika filamu yenye nyota kama Denzel Washington na Roshan Seth, lakini bila kivuli chake kisa kizima hakina pa kuanzia.

Filamu hiyo ilisafishwa upya na kutolewa tena mwaka 2022, ikiwa na picha maangavu kuliko zile tulizozizoea kwenye kanda zilizochakaa. Anayetaka kumwona Olita leo anaweza kuanzia hapo. Na majina yanapoanza kupanda kwenye kioo mwishoni, asikimbilie kuzima. Jina lake limo, limeandikwa pembeni mwa jina la Amin.