Tusikate Tusichokijua

Hivi karibuni tulisimama Makuyuni, katika Wilaya ya Korogwe, tukakuta watu wameizunguka pikapu moja iliyokuwa njiani kwenda Handeni kuchukua magunia ya mahindi. Gari lilikuwa zima. Kilichowashughulisha ni vyuma vinne vilivyoshikamana na chesisi, vikiwa na matundu ya bolti, lakini havikushika kitu chochote. Rangi yao ilikuwa ile ile ya chesisi. Ilikuwa dhahiri kwamba vilitoka kiwandani pamoja na gari.

Kijana mmoja alitoa shauri vikatwe kwa gesi na kuuzwa pamoja na chuma chakavu. Wa pili alidai ni vya kufungia kamba gari linapokwama matopeni. Wa tatu akasema kiwanda kimesahau kuvitoa. Fundi mmoja wa makamo akamjibu, "Mwanangu, kiwanda hakisahau mara nne." Kisha akaingia uvunguni.

Hakubahatisha. Alitazama kwanza kama vyuma vya kushoto vinalingana na vya kulia. Akapapasa matundu ajue kama yana hesi. Akatafuta mkwaruzo unaoonyesha kwamba kitu kiliwahi kufungwa hapo. Mwisho alivuka barabara kwenda kuchungulia pikapu nyingine ya aina ile ile. Pale ambapo kwetu palikuwa patupu, kule palikuwa na tangi la pili la mafuta, limekaa juu ya vyuma viwili kama vile. Viwili vilivyobaki, vilivyopinda kama ndoana, vilikuwa vya kufungia gari lisisogee linaposafirishwa melini.

Jambo hili si geni katika utengenezaji wa magari. Kiwanda huona nafuu kutengeneza chesisi moja itakayofaa magari ya namna nyingi kuliko kutengeneza chesisi mbalimbali. Gari moja litavutwa na magurudumu mawili, jingine na yote manne. Moja litauzwa Tanzania, ambako usukani huwa kulia; jingine litakwenda Burundi au Kongo, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Baadhi ya Land Cruiser za namna ya pikapu hutoka na matangi mawili, nyingine na moja. Kwa hiyo chuma kisicho na kazi katika gari lako huenda kina kazi katika gari la mwenzako.

Je, hasara ingekuwa nini kama shauri la kukata lingefuatwa? Moto wa gesi huweza kupunguza nguvu ya chuma cha chesisi, na mahali palipokatwa vibaya huweza kuanza ufa. Ufa huo hungoja siku gari limejaa magunia na abiria wameketi juu yake. Na aliyetaka kufunga kamba angekosea vile vile: ndoana ya melini haikukusudiwa kunasua gari lililozama na mzigo wake. Ikikatika, huruka kama jiwe la kombeo, na aliyesimama mbele yake hana pa kukimbilia.

Mtoto wa chuoni akikuta herufi asiyoijua haifuti ubaoni, humwuliza mwalimu. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliuhesabu moyo wa kudadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo shule zetu zinapaswa kuwajengea vijana. Yule fundi wa Makuyuni alituonyesha moyo huo kwa vitendo, akiwa na tochi na kipande cha kamba ya kupimia.

Lakini si haki elimu hiyo itegemee bahati ya kumkuta fundi kama yeye kando ya barabara. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, taifa limekubali kwamba ufundi ni elimu kamili. Hapana budi basi wauzaji wa magari watoe vitabu vya maelezo kwa Kiswahili, na mafundi wetu wafundishwe kuuliza kabla ya kushika msumeno. Nanyi ndugu madereva, chuma msichokijua kiacheni mahali pake mpaka mtakapokijua. Kukiacha hakugharimu kitu; kukikata kunaweza kugharimu roho za watu.