Nini Hudhibitika?

Kiingereza hutumia neno "manageability" kutaja hali ya kitu kukubali kuongozwa. Kiswahili huipata dhana hiyo kwa kiambishi -ik- au -ek-. Maandishi yaliyo wazi husomeka, njia isiyozibwa hupitika, na chombo kinachotii usukani huendesheka. Vivyo hivyo, kudhibiti huzaa kudhibitika, na nomino yake ni udhibitikaji.

Katika sayansi yapasa kuuliza: ni nini hasa kinachodhibitika? Mfano ni Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa mvuto wa mwezi na jua, hayo hayadhibitiki. Tasi walao katika nyasi za bahari nao hawapokei amri. Linalodhibitika ni tendo la mvuvi: dema litegwe wapi, matundu yake yawe na upana gani, na nyavu za kukokota zizuiwe wapi zisije zikang'oa nyasi na kuvunja madema.

Kwa hiyo uvuvi hudhibitika; bahari haidhibitiki. Achanganyaye mambo hayo mawili huwatungia samaki sheria akamsahau mvuvi, na bila ridhaa ya mvuvi sheria hiyo haitekelezeki.